Nguvu za Akina Mama na Bei ya Nyumba

Mwenyekiti, akina mama, na akina baba wachache mliojibanza karibu na mlango, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie wanawake wanaojitolea kujenga nyumba za familia zisizo na uwezo. Nina neno moja tu, na huenda lisimpendeze kila mtu: mikono ya kujitolea peke yake haishushi bei ya nyumba. Inafaa sana, lakini inafaa pale ambapo kiwanja na mkopo vimeshapatiwa njia.

Mwaka 1991, mjini Charlotte, North Carolina, Marekani, wanawake wa Habitat for Humanity, shirika linalojengea nyumba familia zisizo na uwezo, walijenga nyumba peke yao, bila wanaume. Kwa nini peke yao? Kwa sababu mwanamke akienda kujitolea penye wanaume wengi, mara nyingi hukabidhiwa ufagio au brashi ya rangi, nyundo ikabaki kwa wenyewe. Si ya Wamarekani tu hayo. Hapa kwetu mama atachota maji, atabeba kokoto, atapika chai ya mafundi, lakini mwiko na timazi havigusi. Anaweza kuwa saidia fundi miaka kumi asiitwe fundi hata siku moja. Wazo la Charlotte likakua, na mwaka 1998 likawa mpango rasmi wa shirika, Women Build.

Sasa tazameni mambo ya fedha yaliyo nyuma ya nyundo hizo. Habitat ilianzishwa mwaka 1976 na Millard Fuller na mkewe Linda, waliporudi kutoka Mbandaka, Zaire ya wakati ule. Walikaa huko miaka mitatu wakiujaribu utaratibu wao. Naam, Afrika ndiko ulikofanyiwa majaribio, ingawa tukisimuliwa habari hizi husikii sana hilo. Katika utaratibu huo familia haigawiwi nyumba bure. Inatoa saa zake za kazi kwenye ujenzi, inalipa kidogokidogo pasipo mtu kutia faida mfukoni, na marejesho yake yanajengea familia nyingine. Wanaojitolea wanapunguza gharama za ufundi, sawa. Lakini kinachomwezesha mama wa watoto wanne kulala mle ndani mwaka wa kumi bila kufukuzwa ni masharti ya mkopo.

Majirani zetu wa Kenya walijua zamani kwamba mpango wa fedha hutangulia nyundo. Miaka ya sitini, wanawake wa Kenya ya Kati walikuwa na vikundi vya mabati: wanachanga, wananunua mabati, wanaezeka kwa mama mmoja, kisha zamu inahamia kwa mwingine. Nyasi zikaondoka, na maji ya mvua yakakingwa kutoka kwenye paa. Hawakungoja mfadhili.

Tuje Dar es Salaam. Upanuzi wa bandari ulipowaondoa watu Kurasini, mwenye nyumba alikuwa na cha kudai fidia. Mpangaji je? Wanachama wa shirikisho la wakazi maskini wa mijini, wengi wao wanawake, waliweka akiba na kununua ekari 30 Chamazi. Naomba mshike mpangilio huo: ardhi kwanza. Matofali yakafuata, yale ya kufungamana, ambayo wanachama wenyewe walifyatua. Tofali hizo ni udongo na saruji kidogo, zimeshindiliwa kwa mashine ya mkono. Zinapandana bila saruji nyingi ya kuziunganisha, na ukuta unaweza kuachwa bila lipu. Mtu asiye na ufundi hujifunza kuzifyatua haraka. Kazi ya kujitolea inaleta nafuu kubwa zaidi ikichaguliwa vifaa vya namna hiyo, kuliko kuwapanga akina mama arobaini kupitishiana ndoo za zege kwa ajili ya picha. Samahani, lakini nimeziona picha hizo nyingi mno.

Jambo la mwisho ni la makaratasi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Hata hivyo, vikundi vingi hukumbuka kuuliza jina litakaloandikwa kwenye hati wakati paa limeshapanda. Ulizeni kabla ya msingi kuchimbwa, na jibu liingie kwenye muhtasari wa kikao, na sahihi za wote wawili, mume na mke.

Nakaribisha maswali. Mama wa kitenge cha kijani, naona mkono wako uko juu tangu niliposema Kurasini.