Tumeuliza hela, umetuletea ukoo

TATU: Tumeanza? Haya, hamjambo. Deus, kabla hujasalimia watu, waambie luku imebaki ngapi.

DEUS: Yuniti nukta mbili. Zinatosha. Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

TATU: Feni tumezima, kwa hiyo mkisikia mtu anahema ni yeye. Na leo ni zamu yake ya somo. Maneno matano ya Kiingereza cha suti, yote yanahusu umaskini. Sijui katuona na nini.

DEUS: Yapo kwenye daftari, kila neno na mfano wake. Ila kwanza kuna jambo lilinikuta Jumatatu.

TATU: Wasikilizaji, somo limekufa.

DEUS: Halijafa. Yule bibi wa nyumba ya pili mnamjua, ndiye aliyenihifadhia godoro wakati wa mvua. Ana kesi ya kiwanja. Kaenda ofisi moja inayosaidia watu wasioweza kulipa wakili, siitaji, wakampa fomu. Kurasa nne, Kiingereza kitupu. Akaniletea mimi.

TATU: Mhaya wa mtaa.

DEUS: Msomi wa mtaa. Tukaenda steshenari pale Kimara, kijana anachapa, mimi nasoma, bibi kakaa kwenye kiti cha plastiki na mkoba wake mapajani. Tukafika swali la saba. Je, mwombaji ni "indigent"? Toa maelezo.

TATU: Na nshomile akajua.

DEUS: Nikajua mia kwa mia! Nikamwambia kijana, andika: Ndiyo. Mwombaji amezaliwa Kisarawe, baba Mzaramo, mama Mzaramo, hajawahi kuishi nje ya Tanzania.

TATU: [anacheka] Deus! Umeandika bibi ni mzawa!

DEUS: Niliona "indi", moyo ukanituma kwenye "indigenous". Nikaongezea na kijiji cha babu yake, maana walisema toa maelezo.

TATU: Sasa kule ofisini ikawaje?

DEUS: Dada wa mapokezi kasoma, kavua miwani, kaivaa tena. Akaniambia, "Kaka, tumeuliza kama ana hela, wewe umetuletea ukoo."

TATU: [anacheka sana] Ngoja, ngoja nifute machozi. Seminari ilikula ada ya baba yako bure. Si mlisoma Kilatini?

DEUS: Hapo ndipo paliponiuma. Nilipofika nyumbani nikakumbuka. Indigent inatoka kwa indigere, kuhitaji, kupungukiwa. Ile nyingine inatoka kwa indigena, mtu aliyezaliwa papo hapo. Vichwa vinafanana, "ndani" ya Kilatini cha zamani, ila miili mbalimbali. Mmoja kazaliwa ndani, mwingine kapungukiwa.

TATU: Na wengine wote wawili. Mimi kuanzia leo nikiishiwa nasema nipo mzawa.

DEUS: Ucheke tu. Kilichofuata hakichekeshi. Bibi akauliza, "Wanasema nini?" Mimi na haraka zangu nikamwambia, "Bibi, wanauliza kama wewe ni fukara."

TATU: Ah. Ukalitumia lile neno.

DEUS: Akanyamaza. Akafunga zipu ya mkoba. Akasema, "Fukara nani? Fukara ana kiwanja? Mimi maskini, fukara sio." Akatoka nje, fomu haijasainiwa.

TATU: Hapo bibi ana hoja, tena ya kitabuni. Mimi nimekaa madrasa Temeke miaka saba, hili nalijua. Aya ya zaka, Sura ya Tawba aya ya 60, wanatajwa mafukara, kisha masikini. Wangekuwa kitu kimoja wasingetajwa mara mbili. Wanazuoni wamebishana hapo mpaka leo.

DEUS: Nani yuko chini zaidi?

TATU: Kwa Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, ndio sisi wengi wa pwani, fukara yuko chini. Hana kitu, au alicho nacho hakifiki hata nusu ya haja yake. Maskini anacho, ila hakitoshi. Na ushahidi wao ni jahazi.

DEUS: Jahazi?

TATU: Sura ya Kahf. Khidhri, yule mja mwenye elimu aliyesafiri na Nabii Musa, katoboa jahazi, Musa kashangaa. Akaambiwa jahazi lile ni la masikini wanaofanya kazi baharini, na kuna mfalme mbele yao anapora kila jahazi. Umeona? Masikini, na wana jahazi! Wahanafi, madhehebu mengine, wao wanageuza, kwao maskini ndiye aliyelala chini kabisa.

DEUS: Kwa hiyo mtu ana jahazi zima anaitwa maskini, mimi nina pasi na redio naitwa nani?

TATU: Mzawa.

DEUS: [anacheka] Lakini ni kweli, maskini kwetu imeshakuwa neno la huruma zaidi ya hela. Tajiri akifiwa tunasema maskini wee, na ana maghorofa Masaki.

TATU: Mtoto akijikwaa, maskini. Timu ikifungwa dakika za nyongeza, maskini. Hata serikali inajua. Kule TASAF ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Jaribu kuwaambia watu ni wa kaya fukara uone nani atajiandikisha.

DEUS: Na Mwalimu alisema maadui ni ujinga, maradhi na umaskini. Hakusema ufukara.

TATU: Ukata je?

DEUS: Ukata ni wa timu za mpira. Fungua gazeti la michezo, timu inakabiliwa na ukata, wachezaji hawajalipwa. Ukata una matumaini, akipatikana mdhamini unaisha.

TATU: Kufulia nako kuna matumaini. Amefulia maana yake alikuwa nazo. Huwezi kufulia kama hukuwahi kung'aa. Kapuku ndiye hakuwahi. Hohehahe, hilo hata ukilitamka unasikia mtu anahema.

DEUS: Vyuma vimekaza?

TATU: Hilo halimwambii mtu kwamba yeye hana, linasema vyuma ndivyo vibaya. Nalipenda. [mlio] Hiyo nini?

DEUS: Luku inalia. Bado ipo, inaonya tu. Twende kwenye neno la pili.

TATU: Hatuendi. Bibi mmemwachaje?

DEUS: Fomu ipo kwenye begi langu, mwisho Ijumaa. Na mimi, Tatu, baada ya ile siku nimebadilika. Naona lile neno la Kiingereza lilikuwa stara. Alikaa na ile fomu siku nne chini ya godoro, hakuna aliyemvunjia heshima. Niliyemvunjia ni mimi, kwa Kiswahili.

TATU: Stara? Kanga ukimfunga mtu machoni si stara, umemziba. Alikaa nayo siku nne kwa sababu hakujua imemwita nani.

DEUS: Usichukulie wepesi. India, sheria yao ya kesi za madai ilikuwa inasema "pauper", yaani fukara. Mwaka 1976 wakalitoa, wakaweka "indigent person". Maana yake waliona neno linadhalilisha. Na kipimo chao ni mtu asiye na uwezo wa kulipa ada ya kesi, au pale ambapo ada haikuwekwa, asiye na mali ya rupia 1,000, na ile mali mnayoigombania haihesabiwi. Kiwanja cha bibi kingekuwa nje ya hesabu! Angekuwa nacho na bado akapita.

TATU: Hapo ungemwambia hivyo, angesaini. Ila wao walibadilisha Kiingereza kwa Kiingereza. Sisi sheria ilishabadilishwa 2021, lugha ya sheria na mahakama ni Kiswahili. Huyo bibi Kiingereza anaulizwa cha nini?

DEUS: Sheria yetu ya Msaada wa Kisheria ya 2017, kwenye Kiingereza chake neno ni hilo hilo. Ofisi haikulitunga.

TATU: Sikusema imelitunga. Nasema mtu anaulizwa jambo la mfukoni mwake kwa neno ambalo hata wewe msomi umelikosa. Angekuwa amejaza peke yake na mjukuu? Wangeandika hapana, wakasaini, ikaishia hapo. Msaada angeukosa, na wewe stara yako umeikumbatia.

DEUS: Haya, nipe Kiswahili chake. Niandike nini? Fukara amekataa.

TATU: Asiye na uwezo wa kulipa wakili.

DEUS: "Asiye na uwezo." Kalea watoto sita na sasa wajukuu, kwa kuuza mihogo ya kukaanga. Nenda kamwambie hana uwezo.

TATU: Wa kulipa wakili! Sentensi haijaishia pale.

DEUS: Masikio yanaishia pale.

TATU: Deus, unamwonea huruma au unajionea? Kwa sababu naona kama wewe ndiye uliyeaibika, sasa unataka neno gumu likufiche.

DEUS: ...Hiyo umeivuta mbali.

TATU: Nimeuliza tu.

DEUS: Na mimi nakuuliza, lini mara ya mwisho umeandika kwenye karatasi, kwa mkono wako, kwamba huna? Siyo kusema. Kuandika, na tarehe chini.

TATU: Sijawahi.

DEUS: Basi.

TATU: Basi nini? Hujashinda.

DEUS: Sijasema nimeshinda.

[kimya]

TATU: Yeye mwenyewe umemuuliza aandikwe vipi?

DEUS: Jana jioni. Kasema, "Andika mjane."

TATU: Mjane si jibu la swali la saba.

DEUS: Kwake ndilo. Anasema mzee angekuwepo, hakuna ambaye angeugusa ule mpaka.

TATU: Wale ofisini wataiona mjane, watarudisha fomu. Tena watasema, hela tumeuliza, sasa mmetuletea ndoa.

DEUS: [anacheka] Ndiyo maana ipo kwenye begi.

TATU: Andika nililosema. Umsomee yote mpaka "wakili", polepole, kwa sauti moja.

DEUS: Nitamsomea. Sijasema nitaandika. [mlio] Eee, sasa hiyo si onyo, nukta moja. Haya, haraka: neno la pili, penury. Ni ufukara, kutoka Kilatini vilevile. Ila tamu yake ni penurious, ana maana mbili, fukara na bahili. Neno moja, asiye na kitu na anacho lakini hatoi.

TATU: Kama wewe hapo na simu yako. Si unaweza kununua yuniti hapo hapo?

DEUS: Yamebaki maneno matatu, nilikuwa na mifano mizuri...

TATU: Deus. Nunua luku.

DEUS: Tatu dada yangu, wiki hii mimi ni mzawa.