"Mwili Unaniuma": Maumivu ya Pombe na Uvivu Wetu wa Kuyaeleza

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, kina mama na ndugu zangu mliofika, nashukuru kwa kunialika tena hapa Moshi, ingawa naona nyuso kadhaa ambazo zimekwisha kunisikia nikizungumzia jambo hili, na najua zinasubiri nifike kwenye habari ya mkojo ili zicheke. Tutafika.

Sentensi niliyoisikia kuliko nyingine zote katika chumba cha daktari ni hii: "Daktari, mwili unaniuma." Ukiuliza wapi, unajibiwa, "Mwili wote." Ukiuliza unaumaje, unajibiwa, "Unauma tu, viungo vyote." Mgonjwa anapokuwa ameshika kitasa cha mlango anataka kutoka, ndipo anaposema kwa sauti ya chini kwamba hali hiyo humjia kila baada ya kunywa, na kwamba hata shati likimgusa, ngozi inauma kana kwamba amemwagiwa maji ya moto. Neno lililopaswa kuwa la kwanza linasemewa mlangoni.

Hili hunishangaza, kwa sababu lugha yetu si maskini wa maneno ya maumivu. Tumbo husokota, jipu hupwita, kidonda huchonyota, koo hukereketa, kichwa huwanga, mguu hufa ganzi. Pombe ikishaingia katika mazungumzo, utajiri huo wote hutoweka, tukabaki na "kuuma" na hilo neno "viungo". Najua kamusi inaruhusu kila sehemu ya mwili kuitwa kiungo, lakini daktari hawezi kuandika dawa kwa kutumia kamusi hiyo. Kwake, kiungo ni mahali mifupa inapokutana, yaani goti, kiwiko, kifundo cha mguu. Paja si kiungo. Paja ni nyama.

Nasisitiza hivyo kwa sababu niliwahi kukosea mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa daktari mchanga katika hospitali moja ya wilaya, alikuja Jumatatu asubuhi kijana fundi ujenzi, mwenye nguvu zake, akilalamika kwamba viungo vinamuuma, hasa mguu wa kulia. Jumamosi alikuwa kwenye sherehe ya harusi, hakuwa amekula tangu asubuhi, akanywa mpaka alfajiri, halafu usingizi ukamchukua juu ya benchi la mbao, akalala kwa ubavu wa kulia mpaka jua la mchana lilipomwamsha. Mimi nilisikia bia, nikasikia viungo, nikaandika kwenye faili kwamba ana jongo, yaani gauti, ule ugonjwa wa kiungo kuvimba ambao bia huuchochea. Nilimshika goti, kifundo na dole gumba, hakuna hata kimoja kilichokuwa kimevimba, na bado niliandika jongo. Nikampa vidonge vya maumivu vya diklofenaki vya siku tano, nikaenda kunywa chai nikiwa nimeridhika sana na nafsi yangu.

Jumatano walimrudisha wakiwa wamemshikilia huku na huku. Paja lilikuwa gumu kama gogo, ukimgusa kidogo anaruka, na mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Maabara walichovya ukanda wa kupimia mkojo, ukaonyesha damu. Wakatazama kwa hadubini, hawakuona chembe nyekundu ya damu hata moja. Tulibaki tunabishana juu ya damu isiyo na chembe, mmoja akisema ni kichocho, mwingine akisema ni maambukizi ya njia ya mkojo, kwa sababu hapa kwetu ugonjwa usiojulikana hupewa jina hilo. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, ndiye aliyeinama kitandani akauliza swali ambalo lilipaswa kuwa langu: "Mwanangu, ni mfupa au ni nyama?" Kijana akajibu papo hapo: "Ni nyama, mama."

Kumbe misuli yake ilikuwa imevunjika. Pombe nyingi ni sumu ya moja kwa moja kwa seli za misuli; njaa, kutapika na upungufu wa madini ya potasiamu na fosfeti huzidisha madhara, na mtu anapolala saa nyingi juu ya mguu mmoja bila kujigeuza, uzito wake mwenyewe hukata damu isifike. Seli zinapopasuka, humwaga kwenye damu protini inayoitwa mayoglobini, ambayo ukanda wa kupimia mkojo hauwezi kuitofautisha na damu. Protini hiyo huumiza figo, na ile diklofenaki yangu, ambayo hupunguza damu inayofika kwenye figo, hasa kwa mtu aliyekaukiwa maji, ilikuwa msumari wa moto juu ya kidonda. Tulimtundikia dripu usiku na mchana, mkojo ukarudi rangi yake, na hakuhitaji kusafishwa damu kwa mashine. Yeye alirudi kwenye ujenzi. Mimi, tangu siku hiyo, swali la mfupa au nyama nimelifanya sala.

Si kila maumivu ya nyama baada ya kunywa yatafika huko, na sitaki mtoke hapa mkitetemeka. Yapo madogo, ya mtu anayeamka akiwa kama aliyelima shamba ambalo hakulilima, na yakapungua siku moja au mbili baadaye. Yapo pia ya polepole: inakadiriwa kwamba kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya watu wanaokunywa sana kwa miaka mingi, misuli yao imedhoofika kwa kiwango fulani, hasa ya mapaja na mabega, hata kuinuka kwenye kigoda kunakuwa kazi. Akiacha pombe, kwa kawaida nguvu hurudi ndani ya miezi kadhaa.

Namwona mzee pale katikati anatikisa kichwa. Nalijua swali lake: babu yake alikunywa mbege miaka 60 na hakuumwa. Mzee wangu, mbege ya ndizi na ulezi inayonywewa jioni, kwa zamu, na mtu aliyekwisha kula, si sawa na pombe kali inayomiminwa kwenye tumbo tupu. Tena naomba uniruhusu niulize: babu alipokuwa na miaka 70 na miguu yake ikiwaka moto usiku, alimwambia nani? Yupo na anayesema kwamba pombe ilikuwa imechakachuliwa. Inawezekana, na pombe yenye methanoli inaua, lakini dalili zake ni kuona ukungu, kutapika, tumbo kuuma na kupumua kwa kasi, si shati kuchoma ngozi. Pombe halali, yenye stempu ya kodi, inatosha kabisa kuvunja misuli. Tusiwasingizie wachakachuaji kila kitu, wana dhambi zao za kutosha.

Sasa ngozi. Mtu akisema ngozi inamuuma ikiguswa, na ukiitazama haina upele wala wekundu, mara nyingi ngozi haina kosa. Kosa liko kwenye mishipa ya fahamu. Pombe hutuliza mishipa hiyo, ndiyo maana mlevi hajisikii anapojikwaa. Inapotoka mwilini, mishipa iliyokuwa imenyamazishwa huamka ikiwa na ukali kuliko mwanzo, na wakati huohuo kemikali za uvimbe katika damu huwa zimepanda, kwa hiyo mguso ambao jana ulikuwa mguso tu, leo ni maumivu. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini kuzimua kunaonekana kusaidia: bia ya asubuhi hainyamazishi ugonjwa, inawanyamazisha mashahidi. Supu ya kongoro sina ugomvi nayo, ina maji na chumvi.

Hali hiyo ikiisha kwa siku moja, ni ya kupita. Lakini kama ganzi au moto umeanzia kwenye vidole vya miguu vya pande zote mbili na unapanda polepole kama mtu anayevaa soksi, na usiku hata shuka ni mzigo, hapo mishipa yenyewe imeanza kuharibika. Pombe huizuia vitamini B1 isifyonzwe vizuri, na mnywaji wa kila siku mara nyingi hali chakula cha kutosha. Kisukari nacho huleta picha ileile, kwa hiyo sukari ipimwe. Anayetumia dawa za kifua kikuu ana hatari zaidi, kwa sababu isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo, huharibu mishipa hiyohiyo isipoambatanishwa na vitamini B6, na pombe ikijumlishwa na isoniazidi, ini nalo linaumia. Nimewaona wagonjwa wanaoacha dawa za kifua kikuu wikiendi ili wanywe. Wanafanya hesabu kinyume.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi nitakimbia. Jongo la kweli ni kiungo kimoja, mara nyingi dole gumba la mguu, chekundu, cha moto, na bia hulichochea kuliko mvinyo. Maumivu ya ngozi ya upande mmoja tu wa mwili, yaliyokaa kama mshipi, ni ya mkanda wa jeshi mpaka ithibitike vinginevyo. Upele utafuata baada ya siku chache, na bia ya juzi haihusiki. Mwili ukiuma pamoja na homa, pima malaria, usiseme ni hangova, kwa sababu mbu hawaulizi kama umekunywa. Na mtu anayeumwa tezi za shingoni au kwapani dakika chache baada ya funda chache tu aonwe haraka, maana hiyo ni dalili adimu ya aina moja ya saratani ya tezi.

Nimepewa kikaratasi chenye swali moja: je, mtu aliyekunywa ameze Panadol kabla ya kulala ili asiamke na maumivu? Kama unakunywa sana mara kwa mara, ini lako limekwisha kupungukiwa na kinga yake dhidi ya dawa hiyo, na kiwango ambacho madaktari wengi hukuwekea ni vidonge 4 vya miligramu 500 kwa saa 24, si 8. Usimeze kwa ajili ya maumivu ambayo hayajaja. Diklofenaki na jamii yake usiziguse usiku huo wala kesho yake. Na kama nyama ni ngumu na mkojo umekuwa mweusi, usimeze chochote isipokuwa maji. Ukinge mkojo huo kwenye chupa safi, uje nao hospitali, uuweke mezani kabla hujasema neno "viungo". Haya, sasa chekeni.