Kupaki Basi Barafuni: Mjomba na Mpwa Hawajakubaliana

[Imerekodiwa barazani kwa Mjomba, Kirumba, Mwanza. Pikipiki zinasikika kwa mbali.]

MPWA: Haya, tunarekodi. Shikamoo Mjomba.

MJOMBA: Marahaba mpwa wangu. Na wasikilizaji, mwadila. Wa Ukerewe, wa Sengerema, na nyie wa Musoma mnaotusikiliza huku mnapara samaki, angalieni vidole.

MPWA: Kwa anayetusikia mara ya kwanza, mimi na Mjomba tuna ugonjwa mmoja unaitwa hoki ya barafuni. Ni mpira wa magongo, ila uwanja ni barafu, viatu vina makali chini, na badala ya mpira kuna kisahani cheusi.

MJOMBA: Magongo, jamani, siyo gongo. Juzi pale Mwaloni mtu kaniuliza kama kipindi chetu kinafundisha kupika pombe.

MPWA: [Anacheka] Sisi tunafuata NHL, ligi ya Marekani na Kanada, timu 32. Mechi zao za jioni huku kwetu zinaanza saa tisa usiku.

MJOMBA: Saa ambayo mtu aliyezoea ziwa yuko macho tu. Usingizi wa mvuvi hauna adabu.

MPWA: Sasa, kuna msikilizaji wetu wa Igoma ametuma ujumbe wa sauti. Anasema alifuata ushauri wetu, akajaribu kuangalia mechi nzima, dakika 60, vipindi vitatu vya dakika 20. Anasema alilala kipindi cha pili. Anauliza: hizi timu zinacheza ili watu waburudike, au zinacheza ili zisifungwe?

MJOMBA: Mechi iliishaje?

MPWA: 2 kwa 1.

MJOMBA: Ya nani na nani?

MPWA: Hakusema.

MJOMBA: Basi hajauliza kitu. 2 kwa 1 inaweza kuwa usingizi, inaweza kuwa presha ya kulazwa.

MPWA: Mjomba, mimi niko upande wake. Kuna timu zinachosha. Kuna mtindo kabisa ulibuniwa kwa ajili ya kuchosha, na wewe ndiye shabiki wake mkubwa kanda ya ziwa yote.

MJOMBA: Sema jina.

MPWA: New Jersey Devils. Kocha Jacques Lemaire, golini Martin Brodeur. Mwaka 1995 wanafika fainali ya Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL, wanakutana na Detroit Red Wings, timu iliyoongoza ligi msimu ule. Kila mtu anajua Detroit watatembeza kichapo. Wakafungwa mechi nne kwa sifuri.

MJOMBA: Nne kwa sifuri! Na unaniambia wanachosha?

MPWA: Walipaki basi, Mjomba.

MJOMBA: Hapana. Hapo ndipo vijana mnapokosea. Anayepaki basi anajazana golini kwake anaomba Mungu. Wale hawakukaa golini. Ngoja nieleze kwa nyavu, maana hili ni jambo la nyavu.

MPWA: Nilijua tutafika ziwani.

MJOMBA: Uwanja wa hoki una kama mita 61 kwa urefu, 26 kwa upana. Umekatwa na mistari miwili ya buluu, kwa hiyo una pande tatu: kwako, kwa mwenzio, na ukanda wa katikati. Timu nyingine zinamfuata mpinzani mpaka kwake, zinamgonga ukutani, zinamnyang'anya kisahani palepale. Hilo ni kokoro. Mnazungusha, mnaburuza, kila kilichomo kinatoka, kikubwa na kidogo. Lemaire yeye alitega makila, nyavu za kutega. Makila unayatega jioni, unayaacha pale. Humfukuzi sangara. Sangara anakuja na nguvu zake zote, na nguvu zake ndizo zinamnasa. Devils walimwacha mpinzani atoke kwake taratibu, akifika katikati anakuta njia ya kati imezibwa, anasukumwa pembeni kwenye ubao, hana pa kwenda, anapoteza. Halafu hapo hapo wanageuka wanakwenda kufunga.

MPWA: Wanakwenda kufunga mara mbili kwa usiku.

MJOMBA: Msimu wa 1993 hadi 1994, Lemaire huyo huyo, timu hiyo hiyo, ilikuwa ya pili kwa mabao ligi nzima. Nyuma ya Detroit tu. Nyavu hazizuii kula samaki, mama.

MPWA: Sawa, wao walikuwa na akili. Tatizo ni waliowaiga. Kila kocha mwenye kikosi dhaifu akaona dawa imepatikana. Ukizuia, ukishika mtu jezi, ukimwekea gongo tumboni, refa anatazama pembeni. Miaka ya themanini mwanzoni mechi moja ilikuwa inatoa karibu mabao 8 kwa wastani. Kufika msimu wa 2003 hadi 2004 imebaki 5 na kidogo. Watu wanalipa kiingilio kuangalia watu wanashikana mashati. Hiyo bora uende stendi ya daladala, ni bure.

MJOMBA: [Anacheka] Hapo nakubali. Mashati nakubali.

MPWA: Ndiyo maana mimi nasema burudani ni Edmonton Oilers. Msimu wa 1983 hadi 1984 walifunga mabao 446 katika mechi 80. Rekodi mpaka leo. Wayne Gretzky peke yake, msimu wa 1981 hadi 1982, mabao 92. Timu inakufunga, wewe unarudisha, inakufunga tena, haijali. Hilo ndilo pira biriani.

MJOMBA: Nilikuwa nakungoja hapo kwenye biriani. Nikuulize, Tanzania tumewahi kwenda Olimpiki kwa mpira wa magongo?

MPWA: Wa barafuni?

MJOMBA: Wa majani, wa nchi kavu. Tumekwenda. Moscow 1980. Mataifa mengi yalisusia mwaka ule, nafasi zikapatikana, sisi tukaingia. Watu wanakumbuka medali za fedha za Bayi na Nyambui, magongo hawayakumbuki. Unajua India walitufunga ngapi?

MPWA: Ngapi?

MJOMBA: 18 bila.

MPWA: Mjomba!

MJOMBA: 18. Bila. Na India mwaka ule walichukua dhahabu, walikuwa wanajua kweli kuchezea gongo. Haya, niambie wewe wa biriani, hiyo ni burudani? Bao la kwanza unapiga makofi. La tano unaangalia saa. La kumi na mbili unamwonea huruma kipa. Mabao 18 yanaweza kulaza mtu fofofo kuliko sare ya bila kufungana.

MPWA: Hiyo si haki. Hapo timu moja haikuwepo uwanjani.

MJOMBA: Asante. Hilo ndilo neno langu la leo, umelisema mwenyewe. Timu moja haikuwepo. Mtindo uwe wa kushambulia, uwe wa kutega, utamu unakuja pale mwingine anapotafuta jibu. Asipotafuta, hata biriani linapoa.

[Kimya kifupi. Pikipiki inapita karibu.]

MPWA: Huyu anapiga honi saa hizi anamwita nani?

MJOMBA: Mwenye deni lake. Endelea.

MPWA: Basi nikupe mechi ambayo jibu lilitafutwa, uniambie kama ni burudani. Novemba 2011, Tampa Bay Lightning nyumbani, wanacheza na Philadelphia Flyers. Kocha wa Tampa ni Guy Boucher, mfumo wake moja-tatu-moja. Mmoja mbele, watatu wamejipanga mstari katikati, mmoja nyuma.

MJOMBA: Makila ya safu mbili.

MPWA: Flyers wanapata kisahani nyuma kwao. Beki wao anasimama nacho, anatazama. Yule mmoja wa Tampa naye amesimama, hamfuati. Wale watatu wamesimama. Sekunde tano, kumi, ishirini. Watu wazima kwenye barafu, wamevaa viatu vya kuteleza, hakuna anayeteleza! Mashabiki wanazomea. Kama nusu dakika hivi, refa anapuliza kipyenga, hajui hata kosa ni la nani. Wanaanza upya. Flyers wanarudia tena.

MJOMBA: Ile mechi naipenda kuliko mtoto wangu wa pili.

MPWA: Mjomba, mtoto wako wa pili anasikiliza kipindi hiki.

MJOMBA: Anajua. Sasa tazama, mimi nimeona hilo ziwani. Samaki amesimama mbele ya wavu, haingii. Mvuvi kwenye mtumbwi anashika pumzi. Kwa mtu aliyesimama ufukweni hakuna kinachotokea pale. Flyers walimwambia Tampa: mtego wako tumeuona, njoo wewe. Na Tampa wakasema: hatuji. Ni ubishi wa wanaume wazima, hakuna aliyesogea. Mimi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kiti.

MPWA: Na iliisha ngapi?

MJOMBA: 2 kwa 1, Tampa, dakika za nyongeza.

MPWA: [Anacheka] Sasa kama ndiyo hiyo aliyoangalia mtu wa Igoma!

MJOMBA: Basi amelala kwenye harusi.

MPWA: Lakini Mjomba, kubali kwamba ligi yenyewe iliona kuna tatizo. Msimu wa 2004 hadi 2005 haukuchezwa kabisa, wenye timu na wachezaji waligombana kuhusu mishahara. Waliporudi wakabadilisha sheria. Refa akaambiwa ukishika mtu ni adhabu, unakaa kizimbani dakika mbili, wenzako wanabaki pungufu. Kipa akazuiwa kuchezea kisahani kwenye pembe nyuma ya goli, watu wakasema sheria hiyo ni ya Brodeur maana alikuwa na mkono kama beki wa tatu. Na kubwa kuliko zote, pasi ndefu ikaruhusiwa. Zamani huwezi kutoa kisahani kwako kikavuka mstari wa buluu na ule mwekundu wa katikati kwa pasi moja. Sasa unaweza.

MJOMBA: Huku kwetu serikali imepiga marufuku kokoro. Kule wakapiga marufuku makila.

MPWA: Hawakupiga marufuku. Waliyatoboa. Ukisimama katikati unangoja, pasi inapita juu yako. Msimu uliofuata mabao yakapanda, wastani ukazidi 6.

MJOMBA: Nilifurahi, usidhani. Mimi sikuwahi kutetea mashati. Ila tazama, mtego haukufa. Wakaupeleka nyuma zaidi, wakajifunza kulala mbele ya mkwaju uwapige wao kabla ya kipa. Kisahani kile ni raba ngumu, wanakigandisha kabla ya mechi, kinakuja na kasi ya gari la barabara kuu, na mtu anajitupa mbele yake. Kwa hiari!

MPWA: Hiyo siyo burudani, hiyo ni kukosa bima.

MJOMBA: [Anacheka] Na ngumi je?

MPWA: Ngumi tulishaongea. Wachezaji wakipigana ni dakika tano kizimbani, twende mbele. Nataka nikupeleke 2024, maana nadhani ndiyo mechi zitakazoamua ugomvi huu. Fainali, Florida Panthers na Edmonton Oilers.

MJOMBA: Umeme ulikatika.

MPWA: Ulikatika usiku wa mechi ya saba, kipindi cha tatu. Tukamalizia kwenye simu yangu, chaji asilimia tisa. Sitamtaja mtu. Haya: Florida ni kokoro. Wanakufuata mpaka kwako, wanakugonga, wanakuburuza. Edmonton wana Connor McDavid, mtu mwenye kasi kuliko wote. Florida wanashinda tatu za kwanza. Nikasema yamekwisha. Mechi ya nne, Edmonton 8, Florida 1.

MJOMBA: Ulipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akaamka.

MPWA: Nilipiga! Ya tano Edmonton, ya sita Edmonton. Tatu kwa tatu. Mechi ya saba Florida wanashinda. McDavid akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano akiwa amefungwa, hakutoka hata kuja kuipokea.

MJOMBA: Mechi ya saba iliisha ngapi?

MPWA: Mjomba, usianze.

MJOMBA: Ngapi?

MPWA: ... 2 kwa 1.

MJOMBA: Wasikilizaji mmesikia. Na wewe kwenye ile ya 8 kwa 1, ulifika mwisho?

MPWA: Nilikwenda kuchemsha chai bao la sita.

MJOMBA: Na ya saba?

MPWA: Sikwenda hata msalani.

MJOMBA: Haya.

MPWA: Usijidai umeshinda. Ile ya saba ilikuwa tamu kwa sababu nilishaona kasi ya Edmonton kwenye zile tatu kabla yake. Nilijua wanaweza kulipuka muda wowote. Ungenipa timu mbili za kutega zisizo na hata mtu mmoja wa kukimbia, ningelala kama yule wa Igoma.

MJOMBA: Hilo sikatai. Sangara lazima awemo ziwani, la sivyo unatega maji.

MPWA: Na nikuulize la mwisho. Dakika za nyongeza. Tangu 2015 mechi za kawaida za ligi zikiwa sare wanacheza watatu kwa watatu, uwanja mkubwa, watu wachache. Mimi naona ndiyo burudani safi kuliko zote.

MJOMBA: Mwanzoni ilikuwa. Sasa wamejifunza. Mtu anafika karibu na goli, anaona nafasi si nzuri, anageuka na kisahani, anarudi nacho mpaka kwake, anazunguka, wanabadilishana wachezaji, wanaanza upya. Wanaogopa kukipoteza. Watu wachache, barafu tupu, na bado hawashambulii. Hapo mimi ndiyo nasinzia. Na hapo hakuna beki wa kumlaumu.

MPWA: Wewe? Unasinzia?

MJOMBA: Kama mtoto mgongoni.

MPWA: Kwa hiyo tumpe mtu wa Igoma mechi gani ajaribu tena? Mimi nasema mechi ya nne, 2024. Mabao tisa, hatalala.

MJOMBA: Ya saba. Lakini aangalie kwanza ya sita, apate hofu ya Edmonton.

MPWA: Mechi mbili nzima, Mjomba, bando lake je?

MJOMBA: Alilala mechi ya kwanza, amebakiza bando la kipindi cha pili na cha tatu.

MPWA: [Anacheka] Haya, ndugu yetu wa Igoma, viunganishi nakutumia usiku huu. Wabeja sana.

MJOMBA: Wabeja. Na ukisinzia tena, usiniambie matokeo, niambie ulisinzia dakika ya ngapi.