Mgeni Rasmi Kazuiwa Mlangoni

REHEMA: Karibuni tena. Leo tuko watatu studio, ila wa tatu haongei.

JUMA: Na amekalia kiti changu. Mkisikia nahema, mjue nimeketi juu ya ndoo.

REHEMA: Mheshimu, huyo ni mgeni rasmi.

JUMA: Ni mdoli wa dubu, Rehema. Waeleze watu.

REHEMA: Jumamosi tulikuwa tunapeleka zawadi wodi ya watoto wenye saratani. Kuna mfadhili katuletea huyu bwana, akisimama ananifika mabegani. Tumefika mlangoni, sista kamtazama juu mpaka chini, akasema, "Huyu haingii."

JUMA: Hana kitambulisho.

REHEMA: Ana manyoya! Mtoto akipigwa kemo, zile dawa kali za saratani, chembe nyeupe za damu zinazopigana na magonjwa zinashuka, kuna siku zinakaribia kuisha kabisa. Manyoya yanabeba vumbi na vijidudu, na huyu utamfulia wapi? Maua nayo yanarudishwa, kwa ajili ya yale maji ya kwenye chombo. Leta kitu cha plastiki kinachofutika kwa dawa, watakupokea kwa mikono miwili.

JUMA: Hapo sista yuko sahihi. Homa ambayo mtoto mwingine analala nayo akaamka mzima, huyu anakimbizwa hospitali usiku huohuo.

REHEMA: Basi nikarudi naye, kiti cha mbele, nimemfunga mkanda. Watu kwenye foleni wanampungia mkono.

JUMA: Wewe je, walikupungia?

REHEMA: Nani aniangalie mimi? Sasa jioni mfadhili kapiga simu. Hakuuliza watoto wanaendeleaje. "Picha iko wapi?" Anataka dubu na mtoto, na mtoto mwenyewe awe yule asiye na nywele. Nikamwambia picha hakuna.

JUMA: Hapo ndipo tunapogombana.

REHEMA: Nilijua.

JUMA: Sikiliza. Boston, mwaka 1948. Daktari Sidney Farber anatafuta fedha za utafiti wa saratani ya watoto. Wanamweka redioni mgonjwa wake wa miaka 12, wanamwita Jimmy. Wachezaji wa besiboli wa Boston Braves wanaingia chumbani kwake, mtoto anaomba televisheni awatazame wakicheza. Zilichangwa zaidi ya dola 200,000! Mfuko wa Jimmy upo mpaka leo. Kwa sababu ya mtoto mmoja, Rehema.

REHEMA: Redioni, Juma! Sura yake nani aliiona? Hata jina halikuwa lake. Miaka mingi watu waliamini kafariki, mpaka mwaka 1998 ikajulikana yuko hai, Einar Gustafson, dereva wa malori, mtu mzima wa miaka sitini na kitu. Umenisaidia hoja, asante.

JUMA: Sijakusaidia. Sauti ni mtu. Mimi nikisema nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto hawa wanapona, na nchi nyingi za kipato cha chini hawafiki asilimia 30, msikilizaji anaguna, anaendelea kuosha vyombo. Mwonyeshe mtoto, atakausha mikono.

REHEMA: Atoe mara moja, asahau. Leukemia, saratani ya damu, ile inayowapata watoto wengi inatibiwa miaka miwili mpaka mitatu. Picha inaliza watu wiki moja, nauli ya kliniki inatakiwa mpaka mwaka wa tatu. Watoto wanakatishwa matibabu katikati kwa kukosa nauli na mahali pa kulala, wakati dawa inafanya kazi! Halafu picha haizeeki. Atafika miaka 20 anatafuta kazi, bado ni yule kipara wa kwenye bango.

JUMA: Na mama yake akikubali?

REHEMA: Mama anadaiwa kila kona, unamwendea kamera mkono huu, bahasha mkono huu. Hapo kakubali au kakubalishwa?

JUMA: Unamfanya mama wa watu hana akili. Huenda yeye ndiye anayetaka mwanawe aonekane. Watoto wanafichwa ndani kwa sababu jirani anadhani saratani inaambukiza.

REHEMA: Aonekane akishapona, kwa uamuzi wake.

JUMA: Na wa thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi? Ile nzito, anaongezewa damu kila baada ya wiki chache, maisha yake yote. Huyo asubiri apone lini?

REHEMA: Mgeni rasmi, sema neno.

JUMA: Mgeni rasmi anaunga mkono hoja yangu.

REHEMA: Mgeni rasmi ana pamba kichwani, ndiyo maana. Mimi sikubali. Anayetaka picha apige ya risiti ya nauli.

JUMA: Risiti haijawahi kumtoa mtu machozi.

REHEMA: Mimi risiti za wodini zimenitoa.

JUMA: Fundi mitambo anatuonyesha vidole vitatu. Dakika tatu! Na tuliahidi mambo matatu ya kufanya.

REHEMA: Haraka. La kwanza, damu. Kemo inashusha pia chembe za kugandisha damu, mtoto anatoka damu puani haikatiki. Chembe hizo zikishatolewa kwa mchangiaji zinakaa siku 5 hadi 7 tu, nje ya friji, kwenye mashine inayozitikisa muda wote. Kwa hiyo ukichangia siku ya maadhimisho ukapotea mwaka mzima—

JUMA: Zinatikiswa muda wote?

REHEMA: Muda wote, zisigandamane. Juma, usianze kumtikisa dubu.

JUMA: Nataka kuona dakika ngapi mkono unachoka.

REHEMA: Muda! La pili lilikuwa malazi ya wazazi, la tatu wale ndugu zake mgonjwa walioachwa nyumbani. Hayo hatuyafikii leo.

JUMA: Lakini mama akisaini fomu, akaisoma, bila bahasha—

REHEMA: Hapana.

JUMA: Hujanisikia mpaka mwisho.

REHEMA: Nimekusikia tangu 1948. Fundi, kata.