Nyapara wa Jino

Assalaamu alaykum. Wazee wangu, shikamooni; na nyinyi wengine, hamjambo. Nimeombwa nisiwachoshe, magharibi haiko mbali.

Asubuhi nimepitia kwa wauza samaki nikapewa taya la papa. Hili hapa, lipitisheni, lakini taratibu, bado linakata. Tazameni nyuma ya safu ya mbele: kuna safu nyingine imelala, na nyingine nyuma yake, zote zangoja zamu. Papa huota meno mapya maisha yake yote. Sisi tumepewa 20 ya utotoni, kisha 32, basi. Nilipokuwa mdogo hapa Mji wa Kale, jino likitoka tulilirusha juu ya paa tukaomba jipya. Likitoka la pili, hata urushe mpaka Likoni.

Swali lililonipeleka maabara ni dogo: jino lajuaje kuwa ni jino? Mimba ikifika kama wiki ya 6, ngozi laini ya kinywani hunenepa mahali fulani, ikazama chini kama kifungo cha shati. Chini yake kuna tishu nyingine, mesenkima. Tabaka hizi mbili husemezana kwa protini, na humo katika kusemezana ndimo jino linamojengeka. Sasa, nani aliyeanza kusema?

Mwaka 1970 watafiti wawili, Kollar na Baird, walichukua mesenkima ya gego la panya aliye bado tumboni wakaifunika kwa ngozi ya mguu wa panya wa tumboni. Likaota jino. Ngozi ya mguu, jamani! Kwa hiyo wakubwa wakasema mesenkima ndiyo bwana. Lakini mwaka 1987 Mina na Kollar walirudi nyuma kwa siku chache tu, kwenye mimba changa zaidi, wakakuta mambo kinyume: hapo ngozi ya kinywa ndiyo inayoamuru, na mesenkima isiyowahi kuhusika na meno inatii. Kumbe ngozi huanza, kisha hukabidhi usukani.

Kazi ya namna hiyo niliifanya mwenyewe nikiwa mwanafunzi, kwa mimba za panya za siku 13. Taya lake ni kama punje ya mchele. Unalikata chini ya hadubini kwa sindano mbili, unalitia kimeng'enya kilegeze gundi baina ya tabaka, kisha unaangalia saa. Ukipitisha dakika chache, tishu yote inakuwa uji. Wiki yangu ya kwanza yote ilikuwa uji.

Aliyetufungulia njia wengi wetu ni Profesa Irma Thesleff wa Chuo Kikuu cha Helsinki, kule Ufini. Alisomea udaktari wa meno, halafu badala ya kufungua kliniki akaingia maabara ya Lauri Saxén, mtu wa figo. Meno na figo wapi na wapi? Lakini figo nalo hutokana na tishu mbili zinazosemezana. Aliyejifunza kuzisikiliza huko aweza kuzisikiliza kinywani.

Katika miaka ya 1990 yeye, Jukka Jernvall na wenzao walishughulikia kifundo kidogo cha seli katikati ya jino changa. Wanaanatomia walikuwa wamekiona zamani wakakipita. Kikundi cha Helsinki kikaonyesha kuwa seli za fundo hilo hazigawanyiki hata kidogo, ilhali zinatoa protini inayozihimiza jirani zigawanyike. Mimi huliita nyapara: hashiki karai, lakini bila yeye mjengo haupandi. Kazi ikiisha, seli hizo hujiua zenyewe. Magego huwa na manyapara wengine wa pili, mmoja kwa kila ncha ile mnayoihisi kwa ulimi. Jaribuni sasa hivi. Naam, kila kilima hicho kilikuwa na msimamizi wake.

Kuna waliouliza haya yote yana faida gani kwa mtu anayeumwa jino. Mwaka 2004 watafiti wa Ufini, Thesleff akiwamo, waliandika habari za ukoo mmoja ambao watu 11, wa vizazi vinne, walikosa meno ya ukubwani yasiyopungua 8 kila mmoja. Hayakung'olewa, hayakuota kamwe. Wanane kati yao walikutwa na uvimbe wa utumbo mpana, mwingine wa saratani. Jeni moja, AXIN2, ilikuwa imeharibika. Lugha ile ile inayojenga jino ndiyo inayoongoza seli za utumbo.

Msiende nyumbani mkihesabu meno kwa hofu. Kukosa gego la mwisho ni jambo la kawaida, na hata aliyekosa mengi huenda sababu yake ni jeni nyingine kabisa. Ila mimi nimebadilika. Kijana mmoja alinijia kutaka meno ya bandia, nikahesabu mapengo tisa yasiyowahi kuwa na jino. Nikamuuliza, mwanangu, babako alikuwa na maradhi ya tumbo? Akanitazama, akatazama mlango kuhakikisha kaingia chumba cha daktari wa meno, kisha akaniuliza nimejuaje.