Kabla hujamkabidhi mtu mtoto wako aje "kusoma" Ulaya

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo. Leo sina mapishi na sitawatembeza madukani. Watoto wamelala, nimefunga mlango, simu nimeiegesha hapa juu ya meza ya jikoni, kwa sababu kuna ujumbe nimeupata tangu Jumatatu na umenikaa rohoni.

Ameniandikia mama mmoja wa Tanga. Jina lake nalihifadhi. Anasema kuna dada wa ukoo wao amekuja likizo kutoka London, mkarimu, kapendeza, na ameomba aondoke na binti yake wa miaka 9 akamsomeshe. Mama ananiuliza, "Dada, shule za huko ni nzuri? Nimkubalie?"

Dada yangu, shule ni nzuri, hilo halina ubishi. Ila umeanza na swali la mwisho. Kuna mengine ya kuuliza kwanza.

Mnaonifuatilia siku nyingi mnajua kazi yangu hapa Uingereza ni ukalimani wa Kiswahili. Naitwa hospitali, naitwa mahakamani, na mara nyingine naitwa na maofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, wale ambao sisi huku tunawaita "watu wa soshal", na tukiwataja tunashusha sauti. Kesi za watu sizileti hapa, hata kwa kuficha majina, maana mtu amenipa siri yake akiamini itaishia mle chumbani. Nitawapa mbili ambazo ziko wazi kwa dunia nzima.

Ya kwanza ni ya Victoria Climbié. Mtoto wa Ivory Coast. Mwaka 1998 shangazi wa baba yake alikwenda Abidjan, akawaambia wazazi atamchukua binti Ulaya akapate elimu. Wazazi wakakubali, kwa mapenzi kabisa, kama ambavyo mama wa Tanga anataka kukubali. Alipitia Ufaransa, akafika London Aprili 1999, akisafiri kwa pasipoti ya mtoto mwingine aitwaye Anna. Yaani alikanyaga nchi hii akiwa tayari amenyang'anywa jina. Na huku Uingereza hakuingia darasani hata siku moja. Elimu aliyoletewa huku hakuiona. Aliteswa na yule shangazi na mwanamume aliyekuwa akiishi naye, na tarehe 25 Februari 2000 akafariki, ana miaka 8. Waliomtesa walifungwa maisha. Mengine siyasemi, ni usiku na nina watoto.

Ninachotaka mkisikie ni hiki. Mtoto huyu alionekana. Idara nne za ustawi wa jamii, timu mbili za polisi wa kulinda watoto na hospitali mbili zote zilikuwa na habari zake. Hospitali ya kwanza daktari alisema majeraha yake ni upele. Uchunguzi ulioitishwa na serikali, ukaongozwa na Lord Laming na kutoa ripoti mwaka 2003, ulihesabu nafasi zisizopungua 12 ambazo mtu mmoja tu angefanya kazi yake sawasawa, mtoto angeokolewa. Victoria alikuwa anazungumza Kifaransa. Muda mwingi watu waliongea na mwanamke aliyemleta, na yeye wakampita. Laming alitoa mapendekezo 108, na mojawapo linanihusu mimi: mtoto ambaye Kiingereza si lugha yake, ukitaka kujua usalama wake, lazima umletee mkalimani. Kila nikiitwa kazini namkumbuka huyu binti. Kiti ninachokalia kiliwekwa baada yake.

Sasa sikilizeni ya pili. Mo Farah, mkimbiaji, medali nne za dhahabu za Olimpiki, mnamjua. Mwaka 2022 alijitokeza kwenye televisheni akasema jina lake la kuzaliwa ni Hussein Abdi Kahin. Baba yake aliuawa vitani Somaliland yeye akiwa na miaka minne. Alipofika miaka 9 hivi, mwanamke asiyemjua alimchukua kutoka Djibouti kuja Uingereza, mtoto akaambiwa anakwenda kwa ndugu zake, na akaambiwa ajibu kwamba anaitwa Mohamed. Alikuwa na karatasi yenye mawasiliano ya ndugu hao. Walipofika nyumbani, mwanamke akaichukua ile karatasi, akaichana mbele yake, akaitupa kwenye pipa la taka. Akawekwa kuosha, kusafisha na kulea watoto wa watu, eneo la Hounslow, magharibi mwa London.

Aliyemtoa ni mwalimu wa michezo, Alan Watkinson. Mtoto alipoanza shule akiwa na miaka kama 12, alijifungia, Kiingereza kidogo, lakini uwanjani anachangamka. Mwalimu akamzoea, akajenga imani, mpaka siku moja mtoto akamwambia ukweli wote. Mwalimu akawaita watu wa soshal. Hao hao tunaowaogopa ndio waliomhamishia kwa familia nyingine ya Kisomali, akalelewa.

Nimeziweka pamoja kwa makusudi. Mji mmoja, miaka ya karibukaribu, wote wawili wakiishi kwa jina la mtoto mwingine. Farah alipewa uraia wa Uingereza Julai 2000, miezi mitano baada ya Victoria kufariki. Mmoja alimpata mtu mzima aliyekuwa na subira ya kumsikiliza.

Siku hizi utaratibu umebana. Kila shule ina mtu aliyepewa jukumu la usalama wa watoto, na mwalimu yeyote akiona jambo haruhusiwi kulimeza. Ofisa akija kumwona mtoto, huwaomba wakubwa watoke chumbani. Tunabaki mtoto, ofisa na mimi. Anaanza na mambo madogo tu: asubuhi ukiamka unafanya nini kwanza? Unalala wapi? Nani anakupikia? Rafiki yako anaitwa nani? Mtoto aliyefundishwa majibu atakuwa na jibu la "unampenda anti?", lakini la "unalala wapi" humkwamia kooni. Na sheria ya kazi yetu inasema mkalimani husema kama msemaji. Mtoto akisema "mimi", nami natamka "mimi". Siwezi kusema "anasema kwamba". Maneno yake yanapita kwenye mdomo wangu kama yangu. Ndiyo maana kuna siku nikirudi nyumbani sili.

Na jambo la kujua: kwa mtoto, hata kama "alikubali" kuja, hata kama hakufungwa kamba, ukimleta ili umtumikishe, sheria inahesabu ni biashara haramu ya binadamu. Kwa sheria ya hapa ya mwaka 2015 adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha.

Turudi kwa dada wa ukoo. Huku mtoto wa chini ya miaka 16 akitarajiwa kukaa siku 28 au zaidi kwa mtu asiye mzazi wala ndugu wa karibu, halmashauri lazima iarifiwe, wiki 6 kabla. Ndugu wa karibu kwao ni babu, bibi, kaka, dada, mjomba, shangazi, mama mdogo, baba mdogo, mzazi wa kambo. Inaishia hapo. Shangazi wa baba, kama yule wa Victoria, hayumo. Binamu hayumo. "Dada wa ukoo" hayumo. Ofisa atakuja ndani ya siku 7 za kazi, atakagua anapolala mtoto, na mwaka wa kwanza atarudi angalau kila wiki 6, akiongea na mtoto peke yake. Mtu mwema hilo halimtishi. Basi muulize dada: umeshaiarifu halmashauri yako? Ipi? Nipe namba ya ofisa. Na usikilize jibu linavyotoka.

Najua mtaniambia sisi ni Waafrika, mtoto wa mwenzio ni wako. Mimi mwenyewe nimelelewa na mama mkubwa, na namwombea dua mpaka leo. Lakini mabinti wangapi wanatolewa Singida, Dodoma, Iringa kwa ahadi ya shule ya Dar, wakaishia kuamka saa kumi alfajiri kwenye nyumba ya mtu? Tunawaona. Tunaletewa chai na wao. Nyumbani sheria zipo, ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ya 2008 na ya mtoto ya 2009, na namba 116 ya kusaidia watoto ni ya bure, Tanzania na hata Kenya. Ukimwona mtoto wa jirani ana mashaka, piga. London kuna ndugu wa mbali alipiga simu kuhusu Victoria, na alifanya sawa. Waliopokea ndio walioshindwa.

Mama wa Tanga, sikukatazi. Nenda na dada ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako, mkae watatu. Pasipoti iwe na jina la mwanao, lile ulilompa wewe. Asipokubali hayo, tiketi irudishwe.

Na hata kama hasafiri, kesho jioni mkalishe mkekani umfundishe namba yako ya simu, kuanzia 255 mpaka ya mwisho. Isiwe kwenye karatasi. Aisome akiwa anaosha vyombo, aisome akiwa anasukwa, umwamshe usiku umuulize, aitaje bila kukosea.