Mtungi Haujazwi kwa Lita

Ahsante, mwenyekiti. Nimeonyeshwa saa kabla sijafungua mdomo, kwa hiyo salamu nitazifupisha.

Gari langu linatumia gesi asilia, huu mwaka wa sita. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama siogopi kulipukiwa. Nitalijibu, ila si sasa hivi, kwa sababu kwa muda wote huo kilichonisumbua hakikuwa mlipuko bali kujaza. Mtu aliyezoea petroli anajua tenki lina ukubwa wake: unamimina, linajaa, unalipa, unaondoka. Gesi haina tabia hiyo. Mtungi uleule, kituo kilekile, leo utaondoka na gesi nyingi na kesho kidogo, na siku zote mbili mshale utakuonyesha umejaza.

Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani. Ukiiacha huru inachukua nafasi kubwa mno, hakuna gari litakaloibeba ikatosha safari. Kwa hiyo inashindiliwa mpaka baa 200, na kwingine 250. Nasema baa kipimo cha presha, nyie mnaotabasamu huko nyuma. Tairi la gari dogo lina baa mbili na kitu. Mtungi ulio kwenye buti lako una karibu mara 90 ya hapo. Ndiyo sababu chuma chake ni kinene. Mtungi wa chuma wa lita 60 una uzito wa kama kilo 60, na gesi inayoingia ndani ni kama kilo 10 tu. Kilo hizo 10 zina nguvu inayokaribiana na lita 15 za petroli. Kwa maneno mengine, unabeba abiria mtu mzima asiyeshuka popote, ili upate lita 15. Ipo mitungi ya nyuzi za kaboni, myepesi sana, ila bei yake itakufanya umkumbuke huyo abiria kwa upendo.

Sasa twende kituoni. Unazima injini, watu wanashuka, mhudumu anachomeka mpira wa kujazia, anageuza mkono wa valvu, na unasikia gesi ikivuma. Dakika chache, mvumo unafifia, pampu inakata. Siku moja fundi aliniambia niweke kiganja kwenye mtungi kabla ya kujaza, halafu nikiweke tena baada ya kujaza. Mara ya kwanza chuma kilikuwa cha baridi. Mara ya pili kilikuwa kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Aliyewahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jambo hili. Ile pampu huchoma vidole. Gesi ikishindiliwa inapata joto, na ikiwa na joto inasukuma kwa nguvu kuliko wingi wake. Pampu inaona baa 200, inaamini mtungi umejaa. Usiku gesi inapoa, na asubuhi unakuta 170 au 180. Haijavuja hata punje.

Mimi hilo sikulijua. Wiki ya pili ya kuwa na gari, niliamka nikakuta taa moja kati ya nne za kipimo imezimika na sijaenda popote. Nikapiga povu la sabuni kwenye sahani, nikachukua sifongo, nikalala chini ya gari na shati la kazini. Nikapaka kila kiungo kuanzia valvu ya mtungi mpaka kwenye bonati, nikitafuta mapovu. Hakuna povu lililovimba. Nilimpigia fundi nikiwa na hasira, nikamwambia amenifungia mfumo unaovuja. Alicheka kwanza, ndipo akaniuliza: “Ulijaza saa ngapi?”

Kuna na jambo la foleni. Kituo huwa na akiba ya gesi iliyoshindiliwa kupita presha ya mtungi wako, na gesi inahamia kwako kwa sababu ya tofauti hiyo. Magari matano yakipita mbele yako, akiba imeshuka na kompresa inahangaika kuirudisha. Wa sita anajaziwa polepole, au anakatiwa kwenye baa 160 na kuambiwa ndiyo hivyo. Tangu nilipoelewa, najaza alfajiri, akiba ikiwa imepumzika usiku kucha.

Dawa kamili ni kujaza polepole. Honda waliwahi kuuza Marekani gari linalotumia gesi asilia peke yake, Civic GX, lililoanza 1998 na kuishia toleo la 2015. Baadhi ya wenye gari hilo walifunga nyumbani kompresa ndogo iliyounganishwa na bomba la gesi ya nyumba. Unachomeka jioni, linajaa usiku kucha. Ni polepole kweli, lakini joto linapata muda wa kutoka, na asubuhi 200 ni 200. Mimi naona huo ndio ujazaji wa kistaarabu, ila unahitaji bomba la gesi mlangoni na subira, na wengi wetu hatuna vyote viwili.

Haya, mlipuko. Methani ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja mahali pa wazi inapanda na kupotea. Inawaka tu ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, na joto la kuiwasha lenyewe linapita nyuzi 500, juu kuliko la petroli. Mtungi una kizibo kinachofunguka kwa joto la moto ili gesi itoke badala ya chuma kupasuka. Ndani ya gereji iliyofungwa ni habari nyingine: gesi inakusanyika darini, kwa hiyo ukisikia harufu, usiguse swichi ya taa, fungua milango.

Ninachokiogopa mimi ni mtungi usio wake. Gesi ya jikoni ni kitu tofauti kabisa, inakuwa kimiminika kwa presha ndogo, na mtungi wake umetengenezwa kubeba presha hiyo ndogo. Fundi akikwambia anaweza kukufungia huo kwenye gari la gesi asilia kwa bei nafuu, chukua funguo zako uondoke. Sitanii. Na mtungi halali nao una umri, mara nyingi miaka 15 au 20, na tarehe imeandikwa kwenye mwili wake. Ukinunua gari lililotumika, isome tarehe hiyo kabla hujaitazama rangi.

Mzee wa mbele anauliza kuhusu nguvu kwenye mlima. Inapungua kidogo, mzee wangu, kwa sababu gesi inachukua sehemu ya nafasi ya hewa kwenye injini. Ukiwa na mfumo wa aina mbili, unabonyeza swichi unarudi kwenye petroli mpaka kileleni.

Mwenyekiti ameinuka. Gari liko nje, nililijaza leo alfajiri, mshale ukasimama 200. Atakayetaka, anifuate tukaone sasa hivi unasoma ngapi.